Rita wa Ngomeni

Tulikubaliana kila mmoja aje na valvu, ile taa ya kioo ya ndani ya redio za zamani, aiweke kwenye dashibodi ya gari, ndipo tutajuana. Ishara nyingine hatukuwa nayo. Kwa miaka mitatu tulikuwa tukiongea mtandaoni kuhusu redio kuukuu bila mtu kujua sura ya mwenzake, wala jina alilopewa na mamake. Tulijuana kwa lakabu tu. Mzee mmoja alijiita 1L6, ambalo ni jina la valvu adimu ambayo bei yake hutia uchungu. Mwingine alikuwa 4U1700, na wengi tulimdhania binti wa mambo ya mapenzi, maana mwanzo wa lakabu ile kwa Kiingereza husikika kama "kwa ajili yako". Mimi nilikuwa SantaRita.

Ilikuwa Julai 2011. Atlantis, chombo cha anga cha Wamarekani, ilikuwa inarushwa kwa mara ya mwisho kule Florida, na baada yake vyombo vya aina ile visingeruka tena. Nilitoka Atlanta mchana wa tarehe 7, nikapokewa na mvua na radi njiani, nikaingia Titusville usiku wa manane. Barabara ya kando ya Indian River ilikuwa imejaa magari hadi pomoni. Watu wamelala kwenye nyasi, wengine mahemani, wengine juu ya magari yao. Nikapata upenyo, nikaegesha, nikaweka dashibodini valvu ya babangu, aina ya EL84.

Babangu alikuwa fundi redio Malindi. Valvu zake alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga, kila moja kaiviringisha gazeti. Hii niliyokuja nayo ilikuwa ingali na ile rangi ya fedha ndani ya kioo. Rangi hiyo ikigeuka nyeupe, ujue hewa imeingia na valvu imekufa.

Alfajiri nikasikia mtu akigonga kioo. Mzee wa Kizungu, kofia imemfunika masikio. Akaitazama valvu, akanitazama mimi, akairudia valvu.

"Samahani, kijana. Mwenye gari yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Namtafuta Rita."

"Basi ndiye mimi."

Aliegemea mlango wa gari akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Nami nilicheka, lakini cheko langu lilikuwa na haya. Mzee huyu ndiye 1L6, na kwa miaka mitatu alikuwa akiniandikia kwa upole ambao wanaume wengine hawakuupata. Wao aliwajibu kwa maneno mawili matatu. Mimi alinieleza kila kitu pole pole: kwamba ukipima ndani ya amplifaya yenye umeme, mkono mmoja uwe mfukoni, umeme usije ukapita kifuani, kwamba hata ukichomoa waya ukutani, kapasita, kile kifaa kinachoweka akiba ya umeme, hubaki na volti mia kadhaa zinazokungoja. Mwisho humalizia, "Mungu akulinde, dada." Sikuwahi kusema uongo. Sikuulizwa. Ila siwezi kukana kwamba niliupenda ule upole, nikanyamaza makusudi.

4U1700 alitukuta hapo. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, kofia yake imeshonwa nyota, na funguo zake amezitundika kwenye valvu mbovu. Naye akamtafuta Rita kwa macho. Ikabidi nieleze.

Nikawaambia kwamba Santa Rita si mtakatifu wangu, mimi ni Mwislamu. Ni jukwaa la chuma lililosimama kwa miguu yake baharini, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta, Wataliano wakaligeuza. Roketi yenyewe ilirushwa kutoka jukwaa la jirani, San Marco, na waongozaji wa urushaji walikaa Santa Rita. Nilipokuwa na miaka tisa, usiku mmoja wa Machi 1988, babangu alitutoa vitandani akatupeleka ufukweni. Tukaona mwanga umeinuka upande wa Ngomeni, ukapanda, ukazama gizani. Mama alisema, "Haya, mmeona, twendeni mkalale." Hatukujua kwamba ndiyo ya mwisho, na kwamba kutoka pale haitarushwa nyingine.

Yule mama alikuwa amenishika mkono, hata sikujua amenishika saa ngapi.

"Sema tena. Yaliyorushwa hapo ni yapi?"

"Mengi. Setilaiti inayojulikana zaidi ni Uhuru."

Basi hapo akakaa chini, kwenye nyasi zenye umande. Kumbe lakabu yake haikuwa na mapenzi hata chembe. Ni nambari ya nyota moja inayotoa eksirei, na ile U ni ya Uhuru. Setilaiti ile, ya kwanza kutumwa mahususi kutafuta eksirei angani, iliandika nyota na vitu vingine 339 katika orodha yake ya nne, ndipo vikaitwa 4U. Alijua yote hayo kuliko mimi. Alijua ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, alijua Marjorie Townsend, msimamizi wa kazi ile, ndiye aliyeipa jina. Ila alikuwa akitamka "Yuhuru", na hakuwahi kukutana na mtu ambaye kwake neno hilo ni neno la kila siku. Nikamfundisha kulitamka. Alilirudia kama mtoto wa chuoni na alifu zake.

"Miaka yote hii," akasema, "wanaume wananiandikia mashairi."

Mzee 1L6 alikuwa amekuja na Zenith Trans-Oceanic, redio ya valvu ya kubebwa kama sanduku. Betri zake hazitengenezwi tena, kwa hiyo alikuwa ameunga kumi za volti 9 zikampa 90, na sita kubwa kwa ajili ya nyuzi za valvu. Nyuzi zenyewe huwaka hafifu mno, mchana huzioni. Redio ikakaa nyuma ya pikapu yake, tukawa tunasikiliza dakika za kurushwa zikihesabiwa kwenye kituo cha pale pale. Mawingu yalikuwa mazito, na watabiri walikuwa wametoa asilimia 30 tu ya kuruka.

Muda uliopangwa ulikuwa saa tano na dakika 26. Zikiwa zimebaki dakika chache, nilisogea nipate pa kusimama, mguu ukanasa waya. Redio ikazima.

Mzee akapiga magoti, kichwa chini ya sanduku, akaanza kutafuta waya uliochomoka. Watu wakaguna pande zote. Mtu akapiga kelele, "Wamesimamisha! Sekunde 31!" Baadaye tulisoma kwamba walikuwa wakihakikisha mkono unaofunika ncha ya tangi umerudi nyuma kabisa. Wakati ule tuliona tu dakika zinapita. Nilimwambia mzee, "Acha, tutasoma kwenye simu." Hakuniacha nimalize. "Dakika moja, Rita."

Saa tano na dakika 29 ng'ambo ya mto kukaota jua la pili. Hakuna sauti. Mwanga tu, unapanda juu ya moshi. Nilimvuta mzee shati. Alipotoa kichwa na kuweka miwani sawa, Atlantis ilikuwa inaingia mawinguni. Aliona mkia wa moto, sijui sekunde mbili, sijui tatu.

Ndipo sauti ikafika, maana ilikuwa na kilomita kama 19 za kuvuka. Haikuwa ngurumo ya mfululizo, ilikuwa mipasuko, kama turubai kubwa linachanwa juu ya kichwa, na kifua kikatetemeka nayo. Mzee alisimama ameangalia nguzo ya moshi, waya bado uko vidoleni. Sikupata la kusema. Nikasema pole. Alitikisa kichwa tu, na sikujua ni ya kukubali au ya kukataa.

Foleni ya kutoka Titusville ilitula hadi jioni. Tuliagana bila kuulizana majina.

Wiki ile ile mzee alituandikia sote. Safari hii hakumaliza kwa Mungu. "Ndugu zangu, waya wa betri hulehemiwa, hausokotwi tu. Wangu niliusokota. Muulizeni dada Rita."