Salamu za Alfajiri na Taarifa ya Msiba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Masomo ya wiki hii: Mithali 27:14 na 1 Wakorintho 14:26–40.

Mithali 27:14 si mstari unaokaririwa sana. Unamtaja mtu anayeamka alfajiri na kumbariki rafiki yake kwa sauti kuu, kisha unasema baraka hiyo itahesabiwa kuwa laana kwake. Maneno yake hayakuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa kwenye saa na kwenye ukubwa wa sauti.

Makundi yetu ya WhatsApp yanamjua mtu huyu. Saa kumi na nusu alfajiri linaingia waridi lenye maandishi "Amka ubarikiwe", zinafuata "Amina" kumi na tano, stika, halafu video ndefu ya mahubiri inayokula bando la yule ambaye simu yake inapakua kila kitu yenyewe. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku anaamua kunyamazisha kundi. WhatsApp inampa nafasi tatu: saa 8, wiki 1, au daima. Mtu aliyechoka huchagua daima. Mwezi ujao mzee wa jumuiya anafariki, katibu anaandika taarifa jioni, na waumini wengine wanaiona baada ya mazishi. Hapo tunaanza kunong'ona kwamba upendo wa wengi umepoa. Tuanze kulilaumu lile waridi.

Kanisa la Korintho lilikuwa na shida ya jamaa hiyo. Kila mtu alikuja na chake: zaburi, fundisho, ufunuo, lugha. Paulo hakuvizuia vipawa hivyo. Aliviwekea hesabu na zamu: wanenao kwa lugha wawe wawili, au watatu wakizidi sana, mmoja mmoja, na aliyeketi akipata ufunuo, anayesema anyamaze. Kipimo chake ni kama jambo linajenga wanaosikia, ndipo anafunga kwa kusema: "Mambo yote na yatendeke kwa uzuri na kwa utaratibu." Kwa hiyo kabla ya kutuma, swali si kama ujumbe ni mzuri, maana waridi nalo ni zuri. Swali ni nani kati ya hawa wote anauhitaji, na kama anauhitaji saa hii. Kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kundi liachiwe msiba na dharura tu.

Taarifa ya msiba yenyewe ina kanuni zake. Kwanza, katibu athibitishe na familia kwamba ndugu wa karibu wameshaambiwa. Mtoto aliye chuoni asijue kifo cha baba yake kwa kusoma simu. Kisha yote yaingie katika ujumbe mmoja: jina la marehemu, ni nani kwa mwanajumuiya wetu, msiba uko wapi na karibu na nini, siku na saa ya ibada, mahali pa mazishi, na namba ya mratibu mmoja. Admini aubandike ujumbe huo juu ya kundi kwa siku 7, na kwa saa chache aweke mpangilio wa maadmini pekee kutuma. Mpangilio huo wengine huuona ni ukatili. Lakini kila "Pole sana" inaisukuma taarifa juu, na zikifika arobaini lazima mtu aulize, "Jamani, msiba uko wapi?" Pole impate mfiwa mwenyewe, kwa simu au kwa kufika.

Michango ndiyo inayoleta ugomvi zaidi, na chanzo chake mara nyingi ni orodha, wala si uchoyo. Mtindo wetu ni kunakili orodha, kuongeza jina lako chini, na kuituma tena. Wawili wakinakili kwa wakati mmoja orodha iliyoishia namba 7, wote wawili wanakuwa namba 8. Wa tatu ananakili ile iliyoingia mwisho, na mmoja wa wale wawili amefutika bila mtu kukusudia. Mama aliyetoa elfu kumi yake kwa shida anaonekana hakutoa. Basi orodha iandikwe na mweka hazina peke yake: anayetoa amtumie yeye faraghani ujumbe wa muamala, naye atoe orodha mpya mara moja kila jioni, yenye tarehe. Kwa maoni yetu majina yanatosha, na kiasi kibaki kwenye daftari. Yesu aliusifu mchango wa yule mjane kwa kuwaita wanafunzi wake. Hakumtangazia mama yule senti zake mbele ya matajiri.

Mgonjwa aombewe kwa kadiri aliyoruhusu mwenyewe. Picha ya mtu mwenye dripu haiongezi nguvu ya sala.

Ujumbe wenye mishale miwili umeshasambazwa mara nyingi kabla haujakufikia, na tangu 2020 WhatsApp hairuhusu kuupeleka zaidi ya sehemu moja kwa wakati mmoja. Kutoka 23:1 inasema, "Usivumishe habari za uongo." Ukiambiwa utume kwa watu kumi na wawili ili upate muujiza, ishie kwako. Sauti ndefu nazo zinachosha, ila tuwavumilie wazee wasioona vizuri maandishi. Waanze tu kwa kutaja jambo lenyewe.

Na mtu akikosea? Mathayo 18:15: "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Mwandikie pembeni, bora zaidi umpigie, kwa sababu maandishi hayana uso na utani husomeka kama tusi. Aliyeonywa anaweza kurekebisha maneno yake ndani ya dakika 15, au kuufuta ujumbe kwa wote ndani ya siku mbili hivi. Kama watu wameshausoma na kuuamini, asiufute kimyakimya. Aujibu ujumbe ule ule, aandike kilicho sahihi.

Wiki hii tuwaombee makatibu na waweka hazina wa jumuiya zetu, ambao simu zao hazina ruhusa ya kunyamaza.