Siku moja maishani mwangu: "Puliza, puliza, usiache!"

Nikisema kazi yangu ni kupima mapafu, wengi hudhani napiga picha za kifua. Picha inaonyesha pafu lilivyo. Mimi napima linavyofanya kazi: linaingiza hewa kiasi gani, linaitoa kwa kasi gani, na kiasi gani kinagoma kutoka. Nikimaliza kueleza, mtu ananitazama, anasema, "Kumbe ni kupuliza tu." Haya, nifuate basi.

Saa moja asubuhi. Wa kwanza kupimwa ni mtambo wenyewe. Nina bomba kubwa la kusukuma kwa mkono, linabeba lita 3 kamili. Nasukuma hewa yake ndani ya spirometa, huo mtambo unaopima pumzi, mara tatu: polepole, wastani, haraka. Ikikosea zaidi ya asilimia 3, siku haianzi. Leo imesoma 2.98, tuendelee. Naingiza na joto la chumba, maana hewa hutoka kifuani ikiwa ya moto, ikipoa inanywea, na mtambo lazima ulijue hilo.

Saa mbili. Wagonjwa wawili, wote wepesi. Wanavua viatu, napima urefu, nauliza umri, kwa sababu pafu halilinganishwi na pafu la jirani bali na la mtu wa umri, kimo na jinsia hiyohiyo. Wa pili ni bibi aliyepinda mgongo, kwa hiyo nampima upana wa mikono iliyonyooshwa badala ya kimo. Kaniuliza kama avue meno ya bandia. Hapana bibi, kama hayachezi yaache, midomo inahitaji pa kuegemea, la sivyo hewa inavuja pembeni.

Saa tatu na robo. Akaingia mzee, pampu ya dawa ya kifua mkononi, jasho usoni.

"Shikamoo mzee. Pampu umeivuta lini mara ya mwisho?"

"Hapo ngazini. Sasa hivi."

Nikashusha kalamu. Barua aliyopewa inasema dawa ya kufungua kifua ya muda mfupi isivutwe ndani ya saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, kwa sababu daktari wake anataka kuona mapafu kabla ya dawa, kisha baada ya dawa. Ukishaivuta, ile "kabla" imekwenda. Nikamweleza kwa upole wote niliokuwa nao.

"Kwa hiyo binti, nilitakiwa nifie ngazini ili karatasi zenu zipendeze?"

Hapo alinipata. Jibu ni hapana, na nalisema hapa kwa yeyote aliyepangiwa kipimo hiki: kifua kikikubana, vuta dawa yako, kisha tuambie. Kipimo kinaahirishika. Kilichoniudhi ni kwamba hakuna aliyemwambia hivyo mapema, na kwamba ngazi zile zipo na lifti ni mbovu tangu sikumbuki lini. Nikampigia daktari, tukakubaliana asubiri hadi saa nane, kifua kikiruhusu.

Akakaa kwenye benchi nje ya mlango wangu. Kila aliyekuja alipewa ripoti: "Ingia, lakini jiandae. Huyo ana kelele huyo."

Ni kweli nina kelele. Kipimo hiki ni nusu mtambo, nusu juhudi ya mgonjwa. Damu ukitolewa umelala usingizi, majibu ni yaleyale. Hewa hatoi mtu mwingine ila wewe, na ukiitoa kwa ulegevu, mtambo utaandika kwamba una mapafu mabovu kuliko uliyonayo. Kwa hiyo napaza sauti. Nimepaza sauti miaka tisa.

Saa nne mpaka saa saba nilikuwa kwenye kibanda cha kioo. Mgonjwa anafungiwa ndani, anahema kidogokidogo huku mikono imeshika mashavu, kilango kwenye mrija kinafunga kwa sekunde chache, na kutokana na mabadiliko ya shinikizo tunajua hewa iliyobaki kifuani hata baada ya kupuliza yote. Dada mmoja aliogopa mlango ukifungwa. Nikamwonyesha jinsi ya kuufungua mwenyewe kutoka ndani, tukaufunga na kuufungua kama watoto wanaocheza, mwishowe akacheka, akapimwa. Mwingine alishindwa kubana pumzi sekunde 10 kwa ajili ya kipimo cha gesi, kile kinachoonyesha hewa inavyopita kutoka pafuni kuingia kwenye damu. Tulirudia baada ya dakika tano. Chakula cha mchana nilikula nimesimama.

Saa nane. Mzee. Nilirudia maswali: umepata shambulio la moyo karibuni? Umepasuliwa jicho? Umekohoa damu? Kupuliza kwa nguvu kunapandisha shinikizo kifuani na kichwani, siyo mchezo. Akajibu hapana, hapana, na "binti, anza basi."

Kibano puani. Midomo ikazunguka mrija. "Vuta, vuta, vuta, jaza kabisa, sasa PULIZA!" Akakohoa sekunde ya kwanza. Jaribio la kwanza limekufa. La pili alisitasita kabla ya kupuliza, kama mtu anayechungulia maji kabla ya kuruka. La tatu lilianza vizuri, akaachia sekunde ya nne, akatoa mrija mdomoni: "Hewa imeisha."

Haijaisha, mzee. Nikageuza kioo cha mtambo aone. Kwa mwenye mapafu mazima, sehemu kubwa ya hewa inatoka ndani ya sekunde ya kwanza. Kwake mchoro wa kasi ya hewa ulipanda kidogo, kisha ukabonyea kama kamba ya kuanikia iliyolegea. Nikamwonyesha kwa kidole mchoro wa pili, wa kiasi cha hewa: hapa unahisi hakuna kitu, lakini tazama, mstari bado unapanda.

La nne akanipa. Sekunde 12. Uso ulimwiva, mishipa ya shingo ikasimama, sauti haitoki tena kifuani, ni kama mtu anayekamua nguo iliyokwishakamuliwa, na mstari unapanda, tone kwa tone. Mimi nimeinama mbele yake, "endelea endelea endelea bado bado bado," mpaka mate yananikauka. Akaegemea kiti, kizunguzungu. Ndiyo maana kiti changu kina mikono.

Tukapumzika. La tano ulimi uliziba mrija, akanilaumu mimi. Nikanyamaza. Matatu mazuri ndiyo tunayotafuta, na mawili bora yasitofautiane zaidi ya mililita 150, na mwisho ni majaribio manane. Zaidi ya hapo unampima uchovu. La sita, zuri. La saba alifumba macho, nikajikuta nami napuliza pamoja naye, mabega yamepanda. Likakaa. Sekunde ya kwanza: lita 1.12, 1.09, 1.12. Nilitaka kumkumbatia.

Halafu ilibidi nimwambie kwamba ndiyo kwanza nusu. Dawa mivuto minne kupitia chupa inayochomekwa kwenye pampu, dakika 15 za kusubiri, kisha yote upya. Alinitazama kwa muda mrefu. "Una roho ngumu, binti." Akapuliza. Mara tatu tu, zote safi, alikuwa amejifunza.

Akiwa anafunga shati akauliza, "Nimefeli?"

"Mzee, huu si mtihani."

Nilishaona. Ameongeza mililita 90 tu baada ya dawa. Kati ya hewa yote aliyotoa, hata nusu haikutoka sekunde ya kwanza. Lakini kutafsiri ni kazi ya daktari, mwenye historia yake na picha yake, si yangu mlangoni. Nikamwambia amejitahidi kuliko vijana wengi waliopita hapo, na halikuwa neno la kumfariji. Akaniuliza kama kuna njia ya kushuka isiyo na ngazi. Nikamsindikiza, tukapumzika mara mbili.

Baada ya hapo sikumbuki saa. Kulikuwa na wengine watatu. Nilitupa machujio, nikapangusa mitambo, nikaandika ripoti ya mzee: majaribio saba kabla ya dawa, matatu yanakubalika, juhudi nzuri sana. "Sana" haimo kwenye fomu, niliiongeza.

Kisha nikachukua simu kuwakumbusha wagonjwa wa kesho: nguo zisibane, sigara hapana, dawa ipi iachwe na kwa saa ngapi, na kifua kikibana vuta, usiogope, utuambie tu. Sauti ilikuwa imebaki mkwaruzo. Mama wa kwanza alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya kidogo.

"Nimeelewa, mwanangu. Pole. Na wewe kifua kimekuanza lini?"