Mount Shengena kwa kipimo cha 1:87, na safari ya Wales iliyoninusuru

Kwa nini 5930

Vichwa vya treni vya mvuke vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja vilitengenezwa Gorton, mtaa wa Manchester ambao naufikia kwa basi moja. Reli za Afrika Mashariki zilinunua 34 kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock, vikapokelewa 1955 na 1956, vikaitwa kundi la 59, na kila kimoja kikapewa jina la mlima. 5901 ni Mount Kenya. 5918 ni Mount Gelai, ule mlima ulio karibu na Ziwa Natron. Na 5930 ni Mount Shengena.

Shengena ni kilele cha Upare, mita 2,462, juu ya Chome. Mimi ni mtu wa Same. Sikuhitaji kufikiria mara mbili nitengeneze modeli ya kipi.

Ila kuna kichekesho ndani yake. Kila ekseli ya mashine hizi ilikandamiza njia kwa tani 21, na reli ya Tanga inayopita chini ya milima yetu ilikuwa nyepesi mno kwa uzito huo. Kwa hiyo Mount Shengena imefanya kazi Kenya, ikipandisha mizigo kutoka Mombasa kwenda Nairobi, na Same haijapita hata kwa bahati mbaya. Leo imesimama kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na Mpare anayetaka kuiona inabidi abebe hati ya kusafiria avuke mpaka.

Januari: hesabu

Nimeshika kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, kwa sababu njia ya milimita 12 inauzwa tayari. Wapenzi wa treni za milimani za Uswisi wanaitumia sana. Kichwa halisi kina urefu wa karibu mita 32, changu kitakuwa sentimita 36 na ushei. Magurudumu ya kuvuta yanatoka milimita 16 kasoro kidogo.

Linalotisha ni boila, lile pipa la kuchemshia maji yawe mvuke. Kipenyo chake ni futi saba na nusu, yaani karibu mita 2.3, juu ya njia ya mita moja. Mezani kwangu hilo ni bomba la milimita 26 linalokaa juu ya njia ya 12. Ukiliangalia kutoka mbele unaona kabisa kwamba litaanguka.

Siri iko kwenye ubunifu wa Herbert William Garratt, aliouandikishia hataza 1907. Kichwa cha kawaida kina magurudumu chini ya boila, kwa hiyo boila linabanwa na tanuri linabanwa vilevile. Garratt alitenganisha mambo. Aliweka mashine moja mbele na moja nyuma, kila moja na silinda zake na magurudumu yake, kisha boila akalitundika katikati kwenye fremu, chini yake hakuna kitu. Tangi la maji liko mbele, mafuta na maji mengine nyuma. Kila mashine inageuka yenyewe kwenye egemeo lake. Kwetu milimani mgonjwa akishushwa kwa machela, mbebaji wa mbele anaanza kukata kona, wa nyuma bado yuko kwenye njia iliyonyooka, na mgonjwa amelala palepale katikati. Garratt ni hivyo hivyo, isipokuwa mgonjwa ana moto tumboni.

Machi: shaba

Mwezi wa kelele. Boila nimelikata kwenye bomba la shaba, fremu kwenye bati la shaba, matangi yamechapwa kwa printa ya 3D kwa sababu sina subira ya kukunja pembe zile za duara. Majirani wa chini wameuliza kwa heshima kama nina karakana.

Kwenye jumba la makumbusho ya sayansi na viwanda hapa Manchester kuna Garratt ya Afrika Kusini, GL 2352, nayo kazi ya Gorton. Ni ndugu, ingawa wa ukoo mwingine. Nilichoifuata ni viungo vya mabomba ya mvuke. Boila halihami lakini mashine zinageuka, sasa mvuke unafikaje kwenye silinda bila kuvuja? Unapita kwenye viungo vya duara kama mpira, chuma ndani ya chuma, vinavyoweza kugeuka huku vimefungwa barabara. Kwenye 1:87 mvuke wangu ni nyaya mbili za umeme, lakini nimevitengeneza viungo hivyo hata hivyo. Vitakuwa chini kabisa, havitaonekana na mtu. Mimi nitajua vipo.

Kiwanda chenyewe kilifungwa 1966. Michoro yake mingi imehifadhiwa na makumbusho hayohayo, na bila nakala za michoro mradi huu ungekuwa wa kubahatisha kutoka kwenye picha.

Mei: kona

Mashine ya mbele inatembea vizuri peke yake. Ya nyuma pia. Nikiziunganisha na boila, gurudumu dogo la mbele linaruka kila linapoingia kona. Sio kona zote, ni zile ambazo njia inaanza kulala upande. Nimeongeza uzito, nimepunguza uzito, nimelainisha egemeo. Wapi.

Juni: Porthmadog

Mwaliko ulikuja kwa rafiki wa rafiki. Kuna watu wazima wenye kazi zao na wajukuu wao ambao mara moja kwa mwaka wanakutana kwa ajili ya Garratt tu. Safari hii walikodi treni kwenye Welsh Highland Railway, kaskazini mwa Wales, kilomita 40 kutoka Porthmadog hadi Caernarfon, njia yenye upana wa sentimita 60 hivi. Ndogo, lakini vichwa vyake vikubwa ni Garratt za kundi la NGG16, vilivyofanya kazi Afrika Kusini kabla ya kuletwa huku. Mmojawapo, namba 143 wa 1958, ndio Garratt ya mwisho kutoka Gorton. Ya kwanza, K1, ilitoka pale 1909 kwenda Tasmania. Historia nzima ya kiwanda hicho na Garratt zake haifiki miaka hamsini.

Mtu mweusi pekee kwenye behewa nilikuwa mimi, na nilidhani nitaulizwa ninatafuta choo au ninatafuta treni nyingine. Badala yake, nilipotaja Shengena, mzee mmoja alifungua daftari lake na kunionyesha orodha ya majina yote 34 kwa mwandiko wa kalamu ya wino. Alikuwa anatamka Ruwenzori vizuri kuliko mimi. Alikuwa amejifunza kazi Gorton akiwa kijana, na nilipomwambia kuhusu kona zangu alicheka, akasema nikakae dirisha la mbele, upande wa kulia, nisipige picha, niangalie tu.

Treni inatoka Porthmadog kwa kupita barabarani, magari yamesimama, watoto wanapunga. Inakata reli kubwa kwa usawa, inavuka mashamba, inaingia kwenye korongo la Aberglaslyn na mahandaki yake. Moshi wa makaa ya mawe unaingia dirishani na hakuna anayefunga. Baada ya Beddgelert ndipo mlima unapoanza, inchi moja kupanda kwa kila inchi 40, na njia inajikunja kama mara nne hivi ili ipate urefu wa kupandia.

Hapo nikaona. Kwenye kona kali tangi la mbele lilikuwa limeelekea kulia, la nyuma limeelekea kushoto kwa macho yangu, na boila limekata katikati kama uzi uliovutwa. Hilo nilishalijua kwenye michoro. Nisilolijua ni kwamba boila halikuwa sambamba na tangi hata kwa kulala. Njia ilipoanza kuinama, tangi la mbele lililala kwanza, boila likabaki limesimama, kisha likafuata taratibu. Mashine yangu haikuwa na ruhusa hiyo. Egemeo zangu zote mbili ziligeuka kushoto na kulia tu, kwa hiyo mbele ikitaka kulala, boila zito la shaba linaikatalia, na gurudumu jepesi kuliko yote ndilo linalonyanyuka.

Tuliposimama Rhyd Ddu watu walishuka kupiga picha. Treni ikarudi nyuma mpaka ikapotea, halafu ikaja kwa nguvu zote mbele ya kamera, kwa ajili yetu tu. Ni maigizo, na nimeyapenda. Mzee wa daftari hakushuka. Alikuwa anakula mkate wake.

Julai: egemeo jipya

Egemeo la nyuma nimeliacha linageuka tu. La mbele nimeliwekea goroli ya chuma ndani ya kikombe cha shaba, kwa hiyo mbele inageuka, inalala na kuinama itakavyo. Boila sasa linakaa kama kwenye mafiga matatu badala ya manne. Limepita kona zote za meza, kwenda na kurudi, na mabehewa kumi na kitu nyuma.

Agosti: rangi na simu ya Voi

Damu ya mzee. Hakuna ubishi kuhusu rangi, ubishi ni kiasi. Rangi ya kopo ikikaa kwenye kitu kidogo inaonekana nyeusi, kwa hiyo nimeichanganya na nyeupe kidogo kidogo hadi ikafanana na picha za mchana.

Kwa yale yasiyo kwenye michoro nampigia mzee mmoja wa Voi, Kenya, fayamani wa zamani, yaani mtunza moto wa kichwa cha treni. Baada ya shikamoo na habari za mvua, ananifundisha. Kundi la 59 lilichoma mafuta mazito, si makaa, na masizi ya mafuta yanaziba mirija ya boila. Basi fayamani alikuwa na ndoo ya mchanga. Penye mlima, moto ukivuta vizuri, anatupia koleo moja tanurini, mchanga unakwangua mirija na kutokea juu na wingu jeusi la kutosha kuharibu nguo za mtaa mzima. Ndoo hiyo sasa ipo kwenye kibanda cha dereva cha modeli yangu, milimita tatu, na mchanga wa kweli ndani yake.

Alinithibitishia pia bomba la moshi. Nafanya kichwa cha miaka ya 1970, chenye bomba bapa la Giesl, ubunifu wa Mwaustria Adolph Giesl-Gieslingen. Wapenzi wengi wanasema linaharibu sura. Mimi naona linaipa uso wa ukali, na ndilo alilolijua mzee wangu.

Kilichobaki

Vibao vya jina vimeagizwa, herufi zake hazifiki hata milimita moja. Taa ya mbele bado. Kisha mabehewa: matangi ya mafuta, ya mizigo iliyofunikwa, na moja la lazima nyuma ya kichwa, lile la kulala wafanyakazi. Safari ya Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 530, na treni ilibeba timu mbili zilizopokezana njiani. Hilo nalianza wiki ijayo, maana kwa sasa dereva wa zamu ya pili hana pa kulala.