Nilivyoshughulikia kubanwa kifua msimu wa baridi

Huku Njombe, mtu akilalamika kifua mwezi Julai huambiwa ni baridi, anywe tangawizi na avae sweta nzito. Nami niliambiwa hivyo nilipoanza kubanwa kifua upande wa kushoto katika msimu wa kupakia viazi, lakini kwa kuwa marehemu baba alikuwa na shinikizo la damu, sikutaka kulala na mashaka. Mke wangu alitafuta gari, tukaenda hospitali usiku uleule.

Kilichonisaidia zaidi ni kueleza maumivu yenyewe kwa usahihi. Daktari alitaka kujua yalianza nikifanya nini, kama yanasambaa hadi mkononi, kwenye taya au mgongoni, kama natokwa na jasho jembamba, na kama yanazidi ninapovuta pumzi au ninapolala baada ya kula. Kila swali lilikuwa na sababu yake. Maumivu yanayokuja na kazi na kutulia kwa kupumzika hutia shaka kwenye mishipa ya moyo. Yanayochoma mtu akivuta pumzi, tena akiwa na homa na kikohozi, huweza kuwa nimonia. Na kiungulia nacho huweza kubana kifua hadi mtu akadhani ni moyo. Aliuliza pia kama nilikuwa nimetoka safari ndefu ya basi, huku akinikagua miguu, kwa sababu kukaa muda mrefu bila kujinyoosha huweza kugandisha damu mguuni, na bonge hilo likapanda hadi mapafuni. Swali lililonishtua ni kama tunalala na jiko la mkaa ndani, kwani hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huweza kumbana mtu kifua, kumuumiza kichwa na hata kumuua usingizini.

Nilipimwa umeme wa moyo, nikatolewa damu, kisha nikatolewa tena baada ya saa kadhaa, kwa kuwa dalili za msuli wa moyo ulioumia huchelewa kuonekana kwenye damu. Picha ya kifua nayo haikuonyesha tatizo. Ndipo daktari akabonyeza kwa kidole pale ubavu unapoungana na mfupa wa kidari, na maumivu yaleyale yakaja: gegedu za hapo, yaani sehemu zisizo ngumu kama mfupa zinazounganisha mbavu na kidari, zilikuwa zimeumia kwa kunyanyua magunia. Alisisitiza kwamba kubonyeza peke yake hakuuondoi moyo kwenye mashaka, na ndiyo maana, kwa haki kabisa, alitanguliza vipimo.

Nilitumia dawa za maumivu alizoniandikia, kila mara baada ya chakula, nikajikanda kwa kitambaa cha maji ya moto na kuwaachia vijana kazi ya kupakia, hadi kifua kikaachia taratibu. Jiko la mkaa sasa halilali ndani. Karatasi ya kipimo cha moyo nimeihifadhi pamoja na kadi ya bima, kwa kuwa daktari alisema kwamba nikibanwa tena nisidhani ni gegedu zilezile, bali nirudi haraka nikiwa nayo, wapate cha kulinganisha.