Majibu Yako ni Mazuri, Mama

"Majibu yako ni mazuri, mama," daktari aliniambia, akaizungushia namba duara kwa kalamu ya bluu. Ilikuwa TSH, kipimo cha damu cha tezi ya shingoni iitwayo thairoidi: 2.3. Kisha akaigeuza karatasi upande wangu ili nami nione. Kiwango cha maabara ile kilikuwa kati ya 0.4 na 4.0, kwa hiyo namba yangu ilikuwa imetulia pazuri kabisa. Mimi ni mhasibu. Namba naziheshimu, ndizo zilizonisomeshea watoto. Lakini ile 2.3 niliiangalia nikaona kama inamzungumzia mtu mwingine.

"Daktari, mimi si mzima," nilimwambia.

Nikaanza kumweleza. Nalala kwa muda wa saa tisa, naamka nimechoka kama niliyebeba mizigo usiku kucha. Nywele zinabaki kwenye kitana kwa mafungu. Halafu kuna lile lililokuwa likiniumiza kuliko yote: najumlisha safu ya hesabu, nikifika chini nimeshasahau nilichobeba juu, naanza upya, nasahau tena. Hilo la mwisho sikulimaliza. Alinisikiliza mpaka kwenye nywele, hapo akanikatiza. Uchovu una sababu nyingi, alisema. Huenda ni msongo wa mawazo, huenda ni umri. Nilipomwomba anijaribishie vidonge vya T3, homoni ya thairoidi, uso wake ulibadilika.

"Hiyo mimi siandiki," alisema, akalifunga faili.

Nilikaa kwenye benchi la nje nikiwa nimeishika ile karatasi, nisijue kama niliye na hasira ni mimi au ni ule uchovu.

Ugonjwa wangu ulikuwa umegunduliwa miaka miwili kabla ya siku hiyo. Wakati huo TSH yangu ilisoma 38. Ambaye hajapita huku huenda asielewe, kwa sababu namba hii inakwenda kinyume na unavyotarajia: TSH haitoki kwenye thairoidi yenyewe, inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi ifanye kazi. Thairoidi ikizembea, ile tezi ya juu inaongeza sauti. Kwa hiyo 38 ilikuwa ni kelele. Tezi yangu ya shingoni ilikuwa ikishambuliwa na kinga ya mwili wangu mwenyewe, ugonjwa uliopewa jina la Hashimoto, daktari wa Japani aliyeueleza mwaka 1912. Nikaandikiwa levothairoksini, yaani T4, homoni nyingine ya thairoidi, ya kutengenezwa, dozi ikapanda kidogo kidogo: mikrogramu 50, 75, hadi 100, na kila baada ya wiki sita hadi nane damu inapimwa tena. Kelele ikashuka. Ngozi ikalainika, choo kikafunguka, uvimbe wa macho wa asubuhi ukaondoka. Dawa ile ilinitoa mbali, sikatai. Ila ilinifikisha mahali ikaniacha hapo, na kila niliyemwambia kwamba bado sijafika alinionyesha namba.

Basi nikaanza kusoma, usiku, wengine wakiwa wamelala. Nilijifunza kwamba T4 ni kama akiba. Mwili huigeuza kuwa T3, na hiyo ndiyo inayofanya kazi hasa ndani ya seli. Mwaka 1970 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba hata watu wasio na thairoidi, wakipewa T4 peke yake, miili yao hujitengenezea T3. Kutokana na hilo T4 peke yake ikaja kuwa ndiyo tiba. Kabla ya hapo watu walitibiwa kwa tezi za wanyama. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Uingereza alimchoma mgonjwa wake sindano ya majimaji ya tezi ya kondoo, na mama yule, aliyekuwa hoi, aliishi miaka 28 zaidi. Niliposoma habari zake nililia. Sikumlilia yeye. Nililia kwa kuwa kuna mtu aliyemtazama mgonjwa wake akaona anazama, wakati hakukuwa na kipimo cha TSH cha kumwambia kitu.

Nikakuta pia utafiti wa mwaka 1999, wa wagonjwa 33, uliosema kwamba wanaochanganyiwa T4 na T3 walijisikia vizuri zaidi. Huo niliunakili kwenye daftari langu kwa herufi kubwa. Tafiti nyingi zilizofuata, zenye watu wengi zaidi, hazikuiona tofauti hiyo. Hizo nilizisoma pia, lakini sikuziandika. Mhasibu anayeandika mapato akaacha matumizi anajua anachokifanya, na mimi nilijua.

Nina rafiki mwenye ugonjwa kama wangu. Yeye anatumia vidonge vya tezi ya nguruwe iliyokaushwa, ambavyo vina T4 na T3 pamoja. Kwa wagonjwa wengine jambo hilo linafunga mlango hata kabla ya mjadala, kwa sababu ya dini. Mimi dini yangu hainizuii. Alinipa vya kunitosha mwezi mmoja. Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu leo. Aliniona ninavyohangaika akanipa kilichomsaidia yeye. Niliacha dawa yangu nikameza yake bila kumwambia daktari yeyote.

Wiki ya kwanza nilifufuka. Nilifunga hesabu za mwezi kwa siku mbili, nikaimba jikoni. Wiki ya tatu, usiku, niliamshwa na moyo wangu mwenyewe ukipiga kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Mume wangu akanishika kifundo cha mkono, akaiangalia saa ukutani, akawa anahesabu kwa kunong'ona. Mapigo 118 kwa dakika, nami nimelala chali. Akahesabu tena. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama Neema, hiki si kupona." Siku ya kumi na tisa nikaviacha, nikarudia vyangu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe ninayoikumbuka.

Daktari wa pili alikuwa binti mdogo kwangu. "Shikamoo mama," alisema kabla sijakaa. Nikamwitikia huku moyoni nimeshajiandaa kwa vita. Nilikuwa na daftari, nilikuwa na maneno niliyoyapanga njiani, na mapema kabisa nikamwaga na la vile vidonge, kwa sababu nilitaka akikasirika akasirike mwanzoni. Hakukasirika. Aliuliza vilikuwa vya nguvu gani, nilivimeza saa ngapi, moyo ulianza kwenda mbio lini. Akaandika yote. Halafu akaniomba nivue viatu, nipige magoti juu ya kiti, nyayo zikining'inia ukingoni.

Nilidhani sijamsikia vizuri. Nikapiga magoti. Akatoa nyundo ndogo ya mpira, akagonga nyuma ya kisigino, kwenye ule mshipa mnene. Mguu ukaruka ukarudi. Akagonga wa pili. Akanieleza kwamba thairoidi ikiwa chini sana, mguu huruka kama kawaida lakini hurudi taratibu, kama mtu asiye na haraka. "Wako unarudi upesi, mama. Hilo linakubaliana na damu yako." Nilishuka kitini bila kujua niseme nini. Alikuwa amekubaliana na ile namba, lakini kwanza alikuwa amenigusa. Katika miaka miwili sikumbuki mwingine aliyenigusa, ukiacha waliotafuta mshipa wa kutoa damu.

Hapo ndipo tulipogombana hasa. Alitaka vipimo vingine kabla ya kuzungumzia T3: madini ya chuma, vitamini B12, sukari. Akaniuliza kama hedhi yangu ni nzito, na kama huwa nakoroma. Mimi nikasikia wimbo uleule: uchovu una sababu nyingi. Nikapandisha sauti.

"Daktari, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kila ninayemwendea ananitafutia sababu nyingine ili asinipe ninachoomba."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasogeza kiti chake kutoka nyuma ya meza, akakaa upande wangu, akaniambia mambo ambayo yule wa kwanza angeweza kuniambia kwa dakika tano, asiniache nayatafuta usiku. Kwamba T3 ikizidi inaweza kuyumbisha mapigo ya moyo na kuila mifupa taratibu, hasa kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Kwamba T3 hupanda kwenye damu ndani ya saa chache na kushuka, wakati T4 hukaa wiki nzima ikipungua nusu tu. Kwamba vile vidonge vya nguruwe vina sehemu moja ya T3 kwa nne hivi za T4, na thairoidi ya binadamu haitoi T3 nyingi kiasi hicho, ndiyo maana moyo wangu ulipiga ngumi. Na kwamba wapo wagonjwa, si wengi lakini wapo, wanaobaki wamechoka hata TSH ikiwa nzuri, na sayansi haijamaliza kueleza kwa nini. Hilo la mwisho alilisema akinitazama usoni.

"Sikatai kukupa," alisema. "Ila ukipona nataka tujue kilichokuponya ni nini. Tukibadilisha mambo matatu kwa pamoja hatutajua."

Maneno hayo yalinishusha mabega. Ndivyo ninavyofanya kazi mimi mwenyewe: huwezi kusawazisha vitabu ukisahihisha makosa matatu kwa pamoja.

Tukaandikiana. Nasema tukaandikiana kwa sababu aliyaandika kwenye faili, na mimi nikayanakili daftarini. Kwanza vipimo. Kikionekana kitu, kitibiwe miezi mitatu. Nikiwa bado sijisikii vizuri, tujaribu T3 miezi sita, T4 ikishushwa hadi 75, damu itolewe asubuhi kabla sijameza kidonge ili isidanganye. Mapigo yakipita 100 nikiwa nimetulia, ninaacha siku hiyohiyo na kumpigia. Mwisho wa miezi sita, uamuzi ni wangu.

Majibu yalirudi. Akiba ya chuma mwilini, ile wanayoiita feritini, ilikuwa 9. Damu yenyewe haikuwa imeshuka sana, ndiyo sababu hakuna aliyeshtuka, lakini akiba ilikuwa imekauka. Nilimeza vidonge vya chuma kwa miezi mitatu, saa nne mbali na dawa ya thairoidi kwa sababu vikikutana tumboni chuma huizuia isifyonzwe. Nywele zikaacha kukatika. Ngazi za ofisini nikazipanda bila kushika ukuta. Kichwa, hapana. Safu za hesabu ziliendelea kunipotea.

Basi tukaanza T3. Kidonge kimoja cha mikrogramu 5 asubuhi, nusu alasiri. Kile cha alasiri nilikikata kwa wembe juu ya sahani. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya dengu, na mara nyingi nusu moja ilitoka kubwa kuliko nyingine, unga mweupe ukabaki kwenye ncha ya wembe nikaulamba nisipoteze. Kila jioni niliandika mambo manne: mapigo, saa za kulala, nimejipa alama ngapi za nguvu kati ya 10, na mara ngapi nimerudia safu moja ya hesabu.

Mwezi wa pili alama zilipanda. Nilimpigia simu rafiki yangu, tukashangilia kama watoto. Mwezi wa nne zilikuwa zimerudi pale zilipoanzia.

Mwisho wa miezi sita nilikaa na kikokotoo kabla ya kwenda kwa daktari. Nikatoa wastani wa kila mwezi. Nikatoa tena nikitafuta kosa, kwa sababu nilitaka sana liwepo. Nguvu: 5.8 kabla, 5.9 mwishoni. Kurudia safu: sawasawa. Nililiweka daftari mezani kwake bila maneno. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa, hata siku nilizoandika "sina hamu ya kuandika".

"Nilidhani ingekusaidia, mama," alisema. Na nikamwamini, maana sauti yake ilikuwa imeshuka.

Niliamua kurudi kwenye T4 peke yake. Nimeulizwa na wenzangu kama sasa nakubali kwamba yule daktari wa kwanza alikuwa sahihi. Kuhusu kidonge, kwangu mimi, ndiyo. Kuhusu kulifunga faili, sikubali mpaka leo. Angelifungua angeiona ile 9. Ilikuwa inanisubiri kwenye damu ileile aliyoizungushia duara. Na nisingemeza dawa ya mtu mwingine kwa siri na kulala nikihesabiwa mapigo. Rafiki yangu bado anatumia vidonge vyake, sasa kwa dozi anayopimiwa na daktari, na yuko vizuri. Simwambii aache.

Mimi bado nachoka alasiri. Hulala dakika ishirini, mlango nimeufunga, kisha nakaa kwenye hesabu zangu na karatasi pembeni ya kuandika kila ninachobeba kutoka safu moja kwenda nyingine. Damu napimwa mara moja kwa mwaka. Mwaka huu TSH imesoma 1.9. Karatasi ilikuwa mezani kwa daktari, kifudifudi, na kabla ya kuigeuza aliniuliza siku hizi nalalaje.