Jumapili tuliyotafuta picha ya Mo Amin

Novemba 1996 mimi nilikuwa bado kijana kwenye dawati la picha la gazeti moja hapa Nairobi, na zamu za wikendi karibu zote zilikuwa zangu maana wakubwa walikuwa na familia. Jumamosi tarehe 23 ikaingia habari kwamba ndege ya Ethiopian iliyotoka Addis Ababa kuja huku imetekwa, nikabeba begi na filamu kadhaa tukakimbia na dereva mpaka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi. Pale watu waliokuja kupokea jamaa zao walikuwa wananiuliza mimi, kwa sababu nilikuwa na kadi ya presi shingoni wakadhani najua kitu, na mimi nilikuwa najua kilekile walichokuwa wanajua wao.

Baadaye ndio tukasikia imeanguka baharini kule Comoro. Watekaji watatu walitaka wapelekwe Australia, rubani akawaambia mafuta hayatoshi, hawakutaka kusikia, ndege ikaenda hivyohivyo mpaka mafuta yakaisha ikashuka majini karibu na hoteli ya ufuoni, hata kuna mtalii aliirekodi kwa video. Walikuwa watu 175, wakafa 125. Na kati yao alikuwemo Mo Amin, yaani Mohamed Amin, mpiga picha wa magazeti na televisheni aliyejulikana duniani, pamoja na mwandishi aliyefanya naye kazi, Brian Tetley. Kwa sisi wapiga picha wa Nairobi ilikuwa kama msiba wa nyumbani, hata sisi wadogo ambao tulikuwa tunamwona kwa mbali tu, maana ukienda kwenye shughuli yoyote kubwa ulikuwa unaangalia kwanza Mo amesimama wapi.

Jumapili asubuhi mhariri akasema nataka picha ya Mo, nzuri, kabla ya jioni. Tukaingia kwenye makabati ya negativu mimi na mzee wetu wa dakrumu, chumba cha giza cha kusafishia picha, mtu wa Mombasa, ambaye alianza kusafisha filamu kabla sijazaliwa. Bahasha yenye jina la Mohamed Amin ilikuwepo, tena nene, lakini ndani ni picha alizopiga yeye. Marais, mbio za Safari Rally, mahujaji Makka, njaa ya Ethiopia. Yeye mwenyewe hayumo. Tukafungua bahasha za mikutano, za uwanja wa ndege, za sherehe za Ikulu, tukijua alikuwepo siku hizo zote, na unakuta labda bega lake, au lensi yake imeingia pembeni mwa picha ya mtu mwingine.

Mzee alikuwa anainua negativu moja moja kwenye taa huku ananihadithia, na mengi niliyonayo kuhusu Mo niliyapata siku hiyo. Kwamba amezaliwa hapahapa Nairobi 1943, baba yake akifanya kazi reli, kisha wakahamia Dar es Salaam na huko ndiko alikopata kamera ya Box Brownie akiwa bado mtoto wa shule. Kwamba Camerapix, kampuni yake ya picha, aliianzisha Dar mwaka 1963, akiwa na miaka ishirini tu jamani, na mwaka uliofuata akawa Zanzibar wakati wa mapinduzi, na huko Zanzibar baadaye wakaja kumfunga jela kwa sababu ya kazi yake. Tarehe 5 Julai 1969 waziri Tom Mboya alipopigwa risasi pale Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, Mo alifika mapema mno akaingia mpaka ndani ya ambulensi na kamera yake. Kazi ile ndiyo iliyompa tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni Uingereza. "Mwanangu," mzee akaniambia, "wengi walikuwa mjini siku ile. Yeye alikuwa na filamu ndani ya kamera."

Ya njaa ya Ethiopia nilikuwa nayajua, Oktoba 1984, yeye na Michael Buerk wa BBC kule Korem, zile picha ziliamsha dunia nzima ikaanza kuchanga. Na nilijua kwamba 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, likamuua mtu wake wa sauti, John Mathai, na Mo akapoteza mkono wa kushoto. Watu walisema amekwisha, kamera ya televisheni ile nzito utaibebaje na mkono mmoja. Akawekewa mkono wa bandia akarudi kazini ndani ya miezi.

Mwisho tukapata mbili. Moja ya zamani, ana mikono yote, kwenye sherehe fulani anacheka. Nyingine ya baada ya 1991, katikati ya kundi la mapresi, shati la mikono mifupi, na ule mkono wa bandia unaonekana wote. Nikaichapa mimi mwenyewe mzee akiwa nyuma yangu. Chini ya taa nyekundu ndevu zake ndizo zilianza kutokea kwenye karatasi, kisha kamera, uso, watu wa nyuma, na ule mkono ukawa wa mwisho kabisa kwa sababu ulikuwa unang'aa, nikataka kuitoa karatasi kwenye dawa mzee akanishika kiwiko, ngoja.

Mhariri akachagua ile ya kucheka. Akasema familia iko kwenye majonzi, mkono ule utawaumiza watu. Mzee akamjibu bila kupandisha sauti, "Mo hakuuficha huo mkono, sisi tunauficha wa nini?" Walibishana sana, lakini mhariri ni mhariri, ya mkono ikaenda ndani, ndogo.

Siku zilizofuata manusura wakaeleza kwamba Mo alisimama ndani ya ndege akawa anazungumza na wale watekaji, anajaribu kuwabembeleza. Nilipoisoma hiyo nikaenda moja kwa moja kwa mhariri nikamwambia, huyo aliyesimama ni yule wa picha ya pili, miaka mitano alifanya kazi na mkono ule na safari ya mwisho pia alikuwa nao. Hakukubali. Amestaafu sasa, tukikutana bado namwambia ilipaswa iende ukurasa wa kwanza, na yeye bado ananiambia angeamua vilevile.