Rasharasha si manyunyu

"Anueni! Anueni!"

Hilo ndilo lililokuwa tangazo letu la hali ya hewa kule Wete, Pemba, msimu wa karafuu. Bibi hakungoja mbingu zitie weusi. Akisikia tone moja juu ya bati, sauti yake imeshatufikia kisimani, nasi mbio kushika majamvi pembe nne, karafuu zote katikati, tunaziburura hadi ukumbini. Hatujatua pumzi, jua hilo. "Haya, anikeni. Ilikuwa rasharasha."

Huku Dar ninakoishi sasa, mtu akikunjua kiganja kituoni husema "manyunyu tu haya", basi. Wengi wanayachukulia maneno haya mamoja. Bibi asingekubali. Manyunyu ni mepesi kama vumbi la maji, hayana sauti, unayagundua yameshatua kwenye nyusi za mwenzio. Rasharasha unayahesabu matone yake: yanatoboa vumbi la uani vitundu vitundu, moja hapa, moja kule, mara kwisha. Wataalamu wa hali ya hewa nao wana mpaka wao. Tone la manyunyu kwao halifiki 0.5 mm. Bibi alipima kwa bati.

Mwaka mmoja nilijitia mjuzi. Bibi kaenda msibani, kaniachia majamvi mawili. Tone la kwanza likaanguka, nikasema rasharasha hiyo, nikaendelea na nage. Kumbe vuli yenyewe! Karafuu iliyorowa huiuzi kwa bei ya nzuri, hata uianike wiki. Aliporudi hakunipiga. Alitazama majamvi, akanitazama mimi. "Mjukuu wangu, rasharasha haina ngurumo." Nami ngurumo niliisikia, nikadhani gari la mkaa.

Kuna kitu nilichelewa sana kukiona. Siku za maulidi Bibi huyohuyo ndiye aliyeshika mrashi, kile chombo cha shingo ndefu chenye matundu kichwani, akipita kuwatikisia wageni marashi viganjani. Rasharasha, marashi, mrashi: yote yanarudi kwenye Kiarabu, rashsha, kunyunyiza. Wageni walipokea kiganja wazi, kisha wakajipaka usoni.

Juzi asubuhi kituoni Buguruni imeanza kudondoka, nikajikuta nimefanya vivyo hivyo, kiganja, kisha uso, macho nimefumba.

"Mama," kondakta akapiga kelele, "unapanda hupandi?"